Kuamsha Bodi

2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na umeacha kupanda kile kigoda kusafisha feni.

Kifurushi hiki usikitupe, siyo chaja ya zamani. Ni mashine ndogo, inaenea kiganjani. Iweke dirishani, karibu na kisanduku cha intaneti, uichomeke kwenye televisheni. Kibodi nimekuwekea humo humo. Nimeshaipa jina: dirishani-kwa-bibi. Mashine zetu naziita kwa mahali zinapokaa nisije nikachanganyikiwa. Yangu inaitwa mezani-kwa-waya.

Kazi yake ni hii. Itaungana na yangu moja kwa moja, juu ya intaneti hii hii ya kawaida, njia yetu wenyewe ndani ya barabara ya watu wote. Hakuna kampuni katikati. Picha na sauti za mjukuu wako nitaziweka huku, wewe utaziona huko. Mashine zilizokubaliana hivyo zinaitwa wenza. Ila kukubaliana ni kwa pande zote mbili: mimi niandike ufunguo wa mashine yako kwenye faili langu, nawe uandike wangu kwenye faili lako. Upande mmoja ukikaa kimya, njia hakuna.

Funguo hatutumiani kwa simu wala kwa mtandao. Ndiyo sheria yangu kazini: ufunguo unasafiri kwa karatasi. Najua na wewe simu huipendi, miaka thelathini na moja ya kuwaunganishia watu simu, vifaa masikioni, imekutosha. Basi tuandikiane.

Ufunguo wako ninao, niliutengeneza mwenyewe kabla ya kufunga kifurushi. Wangu uko nyuma ya karatasi hii, herufi arobaini na nne. Fungua faili la mipangilio, chini ya neno "wenza" uandike kama ulivyo, kubwa ziwe kubwa, ndogo ziwe ndogo. Ukikosea, usifute. Weka alama ya reli mwanzoni mwa mstari, ile # ya kwenye simu. Mashine haitausoma mstari huo, lakini utabaki pale pale mpaka uuhitaji tena.

Mwisho, palipoandikwa "tambulisha" pana "hapana". Pako sawa, usipaguse.

Mwanao,
Waya

8 Februari

Waya mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo, kigoda bado napanda, feni haijisafishi.

Mashine imefika. Herufi arobaini na nne, mwanangu! Mimi niliyekuwa na namba mia tatu za mji mzima kichwani, nimetolewa jasho na kijiherufi kimoja nisichojua kama ni l ndogo au I kubwa. Nikamwita Fundi Saa kutoka dukani kwake. Akaja na ile lenzi yake ya kubana jichoni, akawa ananisomea herufi moja moja, mimi nabonyeza. Tulikosea mara tatu. Ya nne kitaa cha kijani kikawaka, na mjukuu wangu huyo kwenye televisheni, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameposwa.

Eti wenza! Mwambie aliyetunga jina hilo kwamba mama yako amepata mwenza baada ya miaka ishirini na mbili, na mwenyewe ni kisanduku.

Sasa nisikilize, hili si la mzaha. Fundi Saa anafunga duka. Macho yamechoka, na mwanawe anamtaka akakae naye, safari ya siku mbili kutoka hapa. Anaondoka tarehe 31 Machi. Amenitaka twende wote, kwa ndoa. Miaka sita ananisubiri na hajawahi kunisukuma. Safari hii amesema, kwa upole wake ule ule, kwamba akishaondoka hatakuwa na nguvu za kurudi kunichukua.

Nataka kwenda, Waya. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni mtu mzima, una mume na mtoto. Nimerudi mahakamani kwa mara ya tano. Karani ni mwingine, maneno ni yale yale: kwenye vitabu mimi bado ni mke wa baba yako. Ama niilete sahihi yake ya talaka, ama ndugu wawili waape kwamba hajulikani alipo. Mama yako mdogo ameshaapa. Amebaki wa pili, na wa pili sina ila wewe. Fomu nakuwekea humu. Tia sahihi mbele ya wakili huko huko, uirudishe.

Kama umewahi kusikia lolote juu ya baba yako, hata fununu ya mtu aliyemwona stendi, niambie nifuate njia ya sahihi. Kama hujasikia, apa, mama yako apate kupumua.

Na hilo "tambulisha" ni la nini?

Mama yako

16 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Fundi mpya tuliyemwajiri alikosea ufunguo mara saba. Wewe na Fundi Saa mnastahili ajira.

Fomu nimeipata. Wiki hii tunafunga nyaya jengo la ghorofa saba, hata muda wa kula sina. Nitaangalia. Kuhusu baba, sijasikia lolote. Ila kiapo ni kitu kizito, mama, nipe muda niyasome vizuri maneno yake. Halafu, samahani kama navuka mpaka, una hakika ni karatasi tu inayokuzuia? Kila unapokaribia kwenda kwa huyu mzee linatokea jambo.

"Tambulisha" ni la kuonyeshana wenza wa wenza, waunganike bila kuandikiana funguo, pande zote zikisema ndiyo. Mimi na wewe tuko wawili tu, kwa hiyo halina kazi. Liache na hapana yake.

Mwanao,
Waya

26 Februari

Waya wangu,

Nakuandikia huku machozi yananitoka, na ni ya furaha, usishtuke.

Kwanza nikiri kosa. Unajua kazini kwetu siku haikuanza mpaka bodi ya simu iamshwe. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya simu ya kwanza, opereta wa zamu alichomeka waya wake kwenye kila tundu la bodi, moja baada ya jingine, hata matundu ya nyumba zilizohamwa, asikilize kama kuna uhai. Ukiruka tundu moja msimamizi anakurudisha mwanzo. Nilifanya hivyo miaka thelathini na moja, mkono umezoea. Basi jana asubuhi nimeiamsha mashine yako. Kila palipo na hapana naweka ndiyo, natazama kitakachotokea, narudisha. Nikafika kwenye tambulisha.

Orodha ya wenza ilikuwa na jina moja. Yakawa mawili. Mezani-kwa-waya, na chini yake barazani-kwa-babu, kitaa kijani kabisa.

Nilikaa chini. Baba mkwe wako alizikwa kabla mtoto hajazaliwa. Babu gani mwingine kama si Fundi Saa? Kumbe uliponiuliza kama ni karatasi tu inayonizuia ulikuwa unanipima, na huku umeshamtumia mashine yake kimya kimya, akae nayo pale barazani mwa duka, mtoto amzoee! Miaka sita unamwita "yule jirani yako". Leo umemwita babu. Sikujua kwamba nilikuwa nalingoja neno hilo mpaka nilipoliona limeandikwa.

Na yeye naye, mnafiki mkubwa! Amekaa na mimi hapa ananisomea herufi kana kwamba hajawahi kuona mashine ya aina hiyo. Kesho nitampelekea chai nimtazame anavyojikausha. Mashine yake sijaifungua, si adabu kuingia kwa mtu bila hodi.

Fomu usisahau, mwanangu. Zimebaki siku thelathini na tatu.

Mama yako mwenye furaha

3 Machi

Mama,

Tafadhali rudisha hapana kwenye tambulisha, leo hii hii. Hiyo si mashine ya Fundi Saa. Ni ya majaribio ya kazini, jina tulilibuni tu. Usimuulize, utamtia aibu bure. Na usiifungue, inaweza kuharibu ya kwako.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 22 tuzungumze mambo ya fomu.

Waya

9 Machi

Waya,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Hapo ndipo nilipojua.

Fundi Saa nilikuwa nimeshamuuliza. Aliweka kikombe chini, akanitazama, akasema hana mashine yoyote zaidi ya saa za watu. Akasema labda mtoto ana babu mwingine. Aliyasema kwa nia njema kabisa, hana ubaya yule mtu, na mimi nilicheka naye. Nilicheka mpaka nikafika nyumbani.

Nikasimama mbele ya televisheni yangu nikapiga hodi kwa mdomo, peke yangu, kisha nikafungua. Humo mlikuwa na sauti arobaini na moja zilizorekodiwa. Nikabonyeza moja.

Wewe mtoto, mimi nilikuwa nawajua watu wa mji mzima kwa sauti. Mganga mkuu, mwenye kiwanda cha sabuni, mke wa mwenye kiwanda akiwa na lake la kuficha, wote niliwajua kabla hawajamaliza kusema halo. Ulifikiri nitashindwa na huyu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mbili? "Haya mjukuu wangu, tuhesabu ngazi," anasema, na kile kikohozi chake kidogo kinatangulia. Wanahesabu mpaka kumi na mbili, yeye na mtoto. Na nyuma yao wewe unacheka. Kicheko kile sijakisikia nyumbani kwangu tangu ulipokuwa na miaka kumi, mwaka aliotuacha.

Nikazisikiliza zote. Mkwe wangu naye yumo, kwenye ya ishirini na sita, anamuuliza kama aongeze sukari. Ya zamani kuliko zote ni ya siku ya mahafali yako. Nilikuwepo mimi! Nilisimama kwenye foleni ya picha na maua mkononi, ukaniambia unakwenda kurudisha joho, unakuja sasa hivi. Nilingoja saa nzima. Kumbe ulikuwa upande wa pili wa ukuta unamwambia "baba usilie".

Miaka tisa, Waya. Mara tano nimekaa kwenye benchi lile la mahakama nikimwambia karani mgeni kwamba mume wangu sijui yu hai au amekufa. Mara mbili ulinisindikiza. Ulinishikia mkoba! Ulisikia ninavyoulizwa kama nilimtafuta hospitali, kama nilimtafuta magereza, na ulikuwa na anwani ya baraza lake kichwani mwako.

Fomu ya kiapo irudishe bila sahihi, nisije nikakufunga jela. Nakuwekea nyingine, ya talaka. Mpelekee huyo babu. Unapajua. Nataka sahihi yake iwe hapa kabla ya tarehe 31, na tarehe 31 ni ya nini unajua pia.

Jumapili usije.

Uliniandikia kwamba tuko wawili tu. Nilikuamini bila hata kukuuliza mara ya pili.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Baba alikuwa amesimama nje ya geti la chuo siku ile ya mahafali. Nilimtambua kwa masikio yake, ni haya haya yangu. Aliniomba jambo moja tu: nisikwambie. Alisema ukijua atahama tena, na safari hiyo hata mimi sitampata. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mama, lakini pale getini nilirudi kuwa na kumi. Nikakubali. Siku ya kwanza ilikuwa siri ndogo. Mwaka wa tatu nikawa siwezi kuitoa bila kueleza miaka miwili iliyotangulia, na mtoto alipozaliwa nikaona basi, nimeshachelewa, bora niendelee.

Kuhusu Fundi Saa sina hata pa kuanzia. Nilijiambia kwamba baba ni kisingizio chako. Nilijiambia unaogopa kuolewa tena, na karatasi inakusaidia kumkataa mzee wa watu bila kumuumiza, kwa hiyo nikinyamaza ninakusaidia. Niliamini hivyo kwa sababu ilinifaa kuamini. Nilipoisoma barua yako, ile unayosema nataka kwenda, nilijua niliyojiambia si kweli. Na bado nikakujibu kwamba sijasikia lolote. Hilo ndilo silielewi mwenyewe.

Kwenye mashine nilifanya kosa la kitoto. Kwangu na kwake tambulisha ilikuwa ndiyo tangu mwanzo, sikuzima. Niliitegemea hapana ya kwako peke yake. Kijana wangu kazini angefanya hivyo ningemgombeza wiki nzima. Nilikuwa nimesahau kwamba wewe huachi tundu bila kulijaribu.

Fomu nimempelekea juzi. Nitakwambia ukweli sasa, hata kama ni wa aibu: sikuweza kumweleza ni ya nini. Mtoto alikuwepo, walikuwa wanacheka. Nikaiacha bahasha mezani nikamwambia kuna barua yako hapo. Nitarudi kumkumbusha.

Nisamehe, mama. Nalisema neno hilo nikijua sina haki ya kulisema.

Waya

28 Machi

Mama Waya,

Habari za siku nyingi. Bahasha nimeikuta leo chini ya magazeti, binti hakusema kama ni ya haraka. Sahihi nimetia, na jirani yangu ametia ya shahidi. Nakutumia mwenyewe kwa posta, yeye ana safari ya kikazi wiki hii.

Sina kinyongo na wewe. Mambo yetu yaliisha zamani, nilidhani umeshaolewa. Binti hakuwahi kuniambia kwamba unakwama kwa ajili ya hii karatasi. Ungeniomba mwaka wowote ningeitia, ni kazi ya dakika moja.

Mtoto anahesabu vizuri siku hizi. Amefika thelathini.

Baba Waya

8 Aprili

Waya,

Karatasi imefika tarehe 4.

Fundi Saa aliondoka tarehe 31 kama alivyosema. Nilimsindikiza stendi. Nguo zilikuwa kwenye sanduku dogo, na vifaa vyake kwenye mkoba aliokataa kumpa mtu yeyote ambebee. Aliniuliza mara moja tu kama kuna habari yoyote kutoka kwako, nikamwambia bado. Akasema sawa. Halafu akanirekebishia saa yangu ya mkononi, ilikuwa nyuma dakika mbili, akapanda. Saa kubwa ya dukani kwake ameniachia mimi. Iko ukutani hapa, inakwenda barabara, na kila ikigonga natamani kuivunja.

Jana nimeipeleka karatasi mahakamani. Karani hakuniuliza kitu. Akasoma, akagonga mhuri, akaita mtu mwingine. Dakika moja, baba yako hakukosea. Nikatoka nje nikiwa si mke wa mtu, nikasimama kwenye ngazi sijui nigeuke kulia au kushoto. Nilikuwa nimeisubiri dakika ile miaka yote, na nilipoipata hapakuwa na wa kumwambia.

Barua yako ya siku ile nimeisoma mara nne. Kuna mahali unasema hukuweza kumweleza fomu ni ya nini kwa sababu mtoto alikuwepo na walikuwa wanacheka. Bahasha ilikaa chini ya magazeti karibu wiki mbili, nami huku nilikuwa nachungulia dirishani kila nikisikia pikipiki, nikidhani ni mtu wa posta. Ya miaka tisa labda siku moja nitayaelewa, ulikuwa bado msichana. Lakini zile wiki mbili ulishakuwa umeniomba msamaha.

Fundi Saa nimemwandikia, nimemweleza kila kitu. Nimemwambia mhuri umegongwa na kwamba sitamlaumu kama hana tena nguvu za kuanza. Jibu halijaja. Likija, litakuwa langu, usiniulize.

Baba yako simwazii. Huyo alinifanyia lake nikalia nikamaliza, ulikuwepo ukaniona nikilia. Wewe ndiye ambaye nilikuwa sijakulilia, na sikujua kama ipo siku nitahitaji.

Leo asubuhi nimeiamsha mashine kama kawaida. Nikafungua lile faili, nikaenda chini ya "wenza". Mstari wako ulikuwa peke yake pale. Nilitaka kuufuta, kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe. Herufi zile nilizibonyeza na Fundi Saa, moja moja, yeye na lenzi yake jichoni, na sikuweza. Nikaweka alama ya reli mwanzoni, kama ulivyonifundisha. Kitaa kimezima. Herufi zako zipo zote arobaini na nne, sijagusa hata moja. Ila hazisomwi.

Siku nikiiondoa hiyo alama utaona kijani huko kwako. Usinipigie simu kuuliza lini.

Mtoto akiuliza mbona bibi haonekani, usimwambie mashine imeharibika. Mwambie bibi ameizima, na umwambie kwa nini.

Mama yako